Maradhi hayana sheha: barua ya wazi kwa wakubwa wa afya Zanzibar

Assalaamu alaykum waheshimiwa. Naandika kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa wakubwa wa Tume ya UKIMWI Zanzibar, na nakala naomba iwafikie wakuu wa wilaya na masheha wetu, viongozi wa mitaa yetu, manake na wao wamo humu ndani.

Mie ni muuza dawa. Nina kiduka changu huku Kaskazini A, hatua chache tu kutoka dikoni wanapoteremkia wavuvi, na mwaka wa kumi na moja huu nipo nyuma ya kaunta ile ile. Asili yangu Wete, huku nimeolewa. Sio daktari wala sio mtafiti, ila watu nawaona kabla nyie hamjawaona na wengine nyie hamtowaona kabisa, ndo maana nimekaa leo nikaandika juu ya maradhi ya zinaa.

Niwaelezeni inavokuwa. Saa tatu usiku, duka lishapoa, anatokea kijana anasimama pembeni kwenye friji ya soda ya jirani anajifanya yuko na simu yake. Anasubiri mteja wa mwisho atoke. Akishatoka anakuja, hanitazami usoni, anatazama mizani, anasema dada shikamoo, kuna mwenzangu anasumbuliwa na mkojo, ukitoka unamchoma. Namuuliza anatoka usaha? Eeh. Leo siku ya ngapi? Ya nne. Huyo mwenzake bila shaka kavaa fulana ile ile na kandambili zile zile. Namwambia nenda kituo cha afya kesho asubuhi, anasema dada kesho alfajiri tunatoka na boti, hatujui tunarudi lini, nipe zile kapsuli za rangi mbili. Nikupe ngapi? Nipe za elfu mbili.

Za elfu mbili. Ndo kipimo chake hicho, sio miligramu sio siku ngapi, ni alichobaki nacho mfukoni. Na mie leo niseme ukweli mbele yenu, miaka ya mwanzo nilikuwa nauza. Nilijiambia nisipouza mie atauza yule wa pili, na kweli alikuwa anauza. Usaha ukikatika siku mbili tatu kijana anajiona kapona, hizo nyengine zinabaki kwenye mkoba na mwezi ujao anampa mwenzake, na huyo mara hii ni mwenzake kweli. Kisonono cha siku hizi hizo za rangi mbili hazikifanyi kitu cha maana, hata sipro iliyokuwa ikisifiwa zamani vijidudu vyake vishaizoea dunia nzima, siku hizi inatakiwa sindano ya seftraksoni na mara nyingi na azitro juu yake, na mwenzake wa kitandani naye atibiwe. Mie sindano sina ruhusa ya kuchoma. Kituo chenye sindano kinafungwa mchana. Kijana yupo baharini. Sasa hapo nani kamtibu nani.

Waheshimiwa, kila tarehe 1 Disemba, Siku ya UKIMWI Duniani, tunakaa chini ya mahema tunasomewa kwamba Zanzibar maambukizi ya VVU ni chini ya asilimia 1. Ni kweli na alhamdulillah, wala sidharau. Bara mwaka 2011/12 walipopima walikuta asilimia 5.3, sie wakati ule 1.0. Utafiti wa 2022/23 Tanzania nzima kwa watu wazima ni asilimia 4.4, Njombe peke yake 12.7 na Kigoma 1.7. Yani nchi moja, mkoa na mkoa kama mbingu na ardhi. Wagonjwa wa mwanzo bara walionekana Kagera mwaka 1983, sie hapa Mnazi Mmoja watatu wa mwanzo 1986, na miaka yote hii sie tumebaki chini. Tohara inasaidia sana, huku karibu wanaume wote wametahiriwa na tafiti zinasema inapunguza uwezekano wa mwanamme kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60. Dini inasaidia. Bahari nayo naiamini inasaidia.

Lakini hio asilimia moja ni ya kuchanganya watu wote kwenye sufuria moja ukakoroga. Mkija kuchota pembeni mnakuta mengine. Walipopimwa wanawake wanaouza miili hapa hapa Unguja mwaka 2007 ilikuwa asilimia 10.8, 2012 ikawa 19.3, na 2018/19 ikawa 12.1. Hawa wateja wao nani? Hawali hewa hawa. Wateja wao ndo wale wale waliopo ndani ya ile asilimia moja yetu tunayoisifia chini ya hema.

Na mie nnavoona nikiwa kauntani, hizi takwimu za mkoa na wilaya na shehia zinawahesabu watu wanapolala kwenye daftari, wakati maradhi yanawafuata wanapolala kweli. Mvuvi wa Kojani, kule Pemba, kwenye daftari analala Kojani. Kwa mwaka huyo Kojani analala miezi mingapi? Yupo dago, yani kambi ya wavuvi, Tanga, yupo dago Mafia, yupo Kilwa, yupo hapa kwetu, upepo wa kaskazi unampeleka huku wa kusi unamrejesha kule. Mchumaji karafuu msimu ukifika yupo kambini Pemba, wake kwa waume, pesa taslimu kila jioni ikishapimwa pishi. Mhudumu wa hoteli Paje au Kiwengwa au Nungwi kwao Moshi, Tanga au Mombasa, anaishi chumba cha kupanga watu wanne. Watalii mwaka 2024 waliingia zaidi ya laki 7 kwenye visiwa vyenye watu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, na hao papasi wetu wa ufukweni, vijana wa kutembeza watalii, mnajua na mie najua. Halafu kuna dagaa. Nyie mkipita na gari mnaziba pua tu, ila pale kwenye vichanja vya kuanikia kuna akina mama kutoka bara wamekuja msimu, kuna wachemshaji, kuna wapakiaji, kuna wanunuzi kutoka Kongo wanakaa wiki tatu wanangoja mzigo ukauke. Hawa wote hawana sheha. Yani sheha yupo, ila hawajui na wala hawamjui.

Sasa hapa ndo nnapoomba mnisikilize vizuri maana nataka kusema kitu ambacho majirani zangu hawatokipenda. Huku mtaani ukitaja maradhi haya jibu lipo tayari mdomoni, ni Wabara wametuletea. Ni watu wa mahoteli. Ni Wakenya. Hata barazani kwa wazee, watu wenye heshima zao, ndo wanavosema. Mie nimeolewa huku natoka Pemba, na Pemba nakokujua wanasema maradhi yanatoka Unguja! Kila mtu ana kisiwa cha kukisingizia.

Afrika Kusini walifanya utafiti zamani kwa wanaume wanaokwenda kufanya kazi mbali wakawaacha wake zao kijijini. Wote walikuwa wanajua jibu, kwamba mume ndo anayeleta. Wakapima wanandoa VVU. Kwenye zile ndoa ambazo mmoja anavyo mwengine hana, karibu theluthi moja aliyekuwa navyo ni mke, yule aliyebaki nyumbani. Na Ulaya nchi 9 wakapima wahamiaji wanaoishi na VVU wakakuta asilimia 63 waliambukizwa baada ya kufika huko, sio kwamba walikuja navyo kwenye begi. Kwa hivo mgeni mara nyingi sio aliyetuletea, ni sie tuliyempa, au tumepeana. Akifika hana mke, hana mama, hana wa kumuona aibu, hana kliniki anayoijua, ana mshahara wa mwanzo mkononi. Mtieni mtoto wa mtu yeyote katika hali hio muone, hata wa kwenu.

Na hii lawama ina kazi yake mbaya. Mama mmoja wa vichanjani alikuja kwangu, Mbara, mtu mzima wa makamo, tumbo la chini linamuuma na anatoka uchafu wenye harufu. Nikamwambia nenda kituoni. Alikwenda. Akarudi siku ile ile analia. Ati aliulizwa kitambulisho cha Zanzibar akasema hana, akaulizwa barua ya sheha akasema hana, halafu yule aliyekaa mapokezi akamwambia mwenziwe kwa sauti, hawa ndo wanaotujazia maradhi. Watu kwenye benchi wakageuka wakamtazama. Kituo sikitaji, muuguzi simtaji, sitaki kumwaga mtu kazi, manake naye yupo peke yake zamu nzima na mafaili mpaka dirishani. Ila yule mama hakwenda tena popote. Alikuja kwangu kila baada ya wiki kununua dawa ya maumivu mpaka msimu ukaisha akaondoka nayo hio hio kwao.

La pili nalo nilieleze, hili la kwetu sie wenyewe wala halina Mbara. Mwanamke wa mtaa wangu, aliolewa na miaka 19, mume anakwenda dago. Mwaka wa kwanza hakuna mtoto, wa pili hakuna, wa tatu mama mkwe kaanza maneno, wa nne kaachwa. Talaka ya karatasi, kapewa na mdogo wake mume amletee. Sasa mie ndo niliyekuwa namuuzia yule mume za rangi mbili. Hapa naandika mkono unatetemeka. Kisonono na klamidia kwa mwanamke mara nyingi havina dalili yoyote, hachomwi, hatoki kitu, anapika anafua anacheka, na huku vinapanda juu kwenye mirija vinaiziba polepole. Siwezi kuapa kwamba ndo kilichomziba yeye, hakupimwa. Hakuna aliyempima! Yeye ndo alikuwa anaambiwa mgumba, akapelekwa kwa waganga wawili na kupigwa makombe, na yule bwana akaoa mwengine kabla eda haijesha. Akaniomba na radhi kwa kelele za harusi.

Ndo maana nasema msiangalie VVU peke yake. VVU vina tume, vina hema, vina siku yake. Kisonono hakina siku yake. Kaswende haina siku. Na ndo ndugu zake hao, mtu mwenye kidonda au usaha sehemu za siri mlango kashaufungua, VVU vikija vinaingia kwa urahisi zaidi. Shirika la Afya Duniani wanasema kila siku duniani watu zaidi ya milioni 1 wanapata moja katika yale manne yanayotibika, kisonono, klamidia, kaswende na trikomona. Yanatibika! Kaswende ya mwanzo ni sindano moja tu ya penisilini, penisilini hii ya miaka yote, bei ya soda mbili tatu. Na asiyetibiwa akiwa mjamzito anaweza kuzaa maiti.

Kuna wakati mlifanya vizuri na lazima niseme. Wale vijana wanaojidunga unga, mwaka 2007 walikutwa na VVU asilimia 16, 2012 ikashuka 11.3, na 2018/19 ikawa 5.1. Kliniki ya Kidongo Chekundu ya methadoni, ile dawa ya kunywa ya kumuachisha mtu unga, ilifunguliwa mwanzoni mwa 2015. Sisemi ni methadoni peke yake, wapo waliokuwa wakipita vichochoroni usiku na mchana kuongea nao miaka mingi kabla. Lakini watu wale walifuatwa. Hakuna aliyewaambia wakalete barua ya sheha ndo wapewe kikombe. Nina mtoto wa shangazi yangu pale, mwaka wa sita huu, ameoa, anafanya kazi ya kupaka rangi. Miaka ile tulishaanza kuzoea kwamba tutamzika.

Basi nnachoomba ni hicho hicho kwa watu wa diko na kambi na mahoteli, na naomba kwa maneno ya kazi sio ya semina.

Mvuvi wa dagaa haendi baharini mbaamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti dagaa, boti zinapumzika siku kadhaa, vijana wote wapo nchi kavu, mshahara ushagawiwa, hawana la kufanya, na hizo ndo siku ambazo mie nauza sana kondomu, na wiki inayofuata nauza sana hizo dawa za wenzao. Nyie gari la upimaji mnalileta lini? Mnalileta Jumanne saa tatu asubuhi kwa sababu Jumanne ndo dereva yupo. Limekuja mara mbili mwaka jana, mara zote mbili kiza, boti zimo baharini, wakapimwa wauza maandazi na wanafunzi wa skuli waliotoka kuchungulia. Ripoti ikaandikwa imepima watu themanini na kitu. Nunueni kalenda ya mwezi, waheshimiwa, au muulizeni mvuvi yeyote atakupeni bure. Njooni mbaamwezi, jioni baada ya magharibi, na sindano muwe nazo hapo hapo, sio mumpime mtu mumuandikie aende kesho. Kuna kipimo cha kutoboa kidole mara moja kinasema VVU na kaswende kwa pamoja, dakika ishirini tu. Mnakitumia kwa mama wajawazito, kileteni na kwa baba zao.

Wale wanaokunywa dawa za kufubaza virusi nao wafikirieni. Nnaye mmoja, ni siri yake na yangu na sasa yenu bila jina, alikuwa akipewa za mwezi mmoja mmoja. Anaondoka dago na chupa moja, upepo ukageuka wakakaa Mafia miezi miwili na nusu. Kule alikwenda CTC ya pale, kliniki ya dawa za VVU, wakamtaka barua ya uhamisho, hana. Akaona aibu kurudi mara ya pili wenzake wasije wakamuona. Wiki sita bila dawa. Huyu ni mtu ambaye virusi vyake vilikuwa havionekani hata kwenye kipimo, na mtu wa hivo akiendelea na dawa hamuambukizi mkewe. Wiki sita zikavuruga kazi ya miaka minne. WHO wenyewe wanashauri mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi mitatu mpaka sita. Kama zipo stoo mpeni mvuvi za miezi sita, na kadi yake ikubaliwe Mafia, Tanga, Kilwa na Mkoani bila barua ya mtu. Simu ya benki inanijua nikiwa Chake na nikiwa Kariakoo, iweje kadi ya dawa isinijue.

Sie wauza dawa nasi tufundisheni na mtubane pia. Tupeni vikaratasi vya kumpa mteja, kimoja chake kimoja cha mwenzake, visivyo na jina la maradhi juu, aende navyo kituoni apokewe bila maswali ya benchi. Na pawe na kituo kimoja tu, kimoja kwa kila upande wa pwani, kinachofunguliwa mpaka saa nne usiku. Mie kiduka changu na feni moja mbovu nakifungua mpaka saa nne, serikali inashindwaje? Mtasema bajeti. Najua, Januari 2025 Marekani walivosimamisha misaada yao tuliona sote watu wa miradi wakirudisha funguo za ofisi, na wale dada wa kujitolea waliokuwa wakinipitia kuchukua majina ya wasiokuja kliniki sijawaona tena. Lakini basi ndo tujue kipi chetu kipi cha kuazima. Kwenye kila kitanda cha hoteli mgeni analipa ada ya miundombinu. Kitanda hicho hicho anakitandika mtoto wa mtu ambaye hana pa kupimwa. Toeni humo.

Na hio barua ya sheha kwa mtu anayetoka usaha, ifuteni kwa waraka ulioandikwa na kubandikwa mapokezi, sio kwa maneno ya kwenye semina. Mkishauandika nileteeni na mie nibandike dukani, nitaubandika hapo kwenye mizani ambapo ndo wanapopatazama.

Mbaamwezi ijayo ni wiki mbili kutoka leo. Boti zitakuwepo zote, hata za Kojani, nimeshaulizia.

Wenu katika kazi,
Muuza dawa, Kaskazini A, Unguja